Kilichoingia Katika Nyumba ya Baraka

Mnunuzi wa nyumba yetu ya Baraka hakuomba apunguziwe bei, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Alikuwa mfanyabiashara wa saruji kutoka Uvira, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Mume wangu alimtajia dola elfu tisa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni napinda upindo wa sketi ya mteja, nikingoja yule mtu acheke, aseme elfu sita, tugombane kidogo kama watu wanavyogombana, halafu tukutane mahali. Hakucheka. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatazama paa, akasema:

"Sawa. Lakini mi sitaki parseli, kiwanja na nyumba yake, yenye mashaka. Mutaenda biro ya kodi, mutalipa ile ya faida, mutaniletea karatasi. Mukileta karatasi, natoa feza yote. Bila karatasi, mi narudia Uvira."

Mume wangu alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi nilijichoma sindano. Mpaka leo sijui kwa nini yule bwana hakupunguza hata dola mia, na sidhani nitajua.

Tulikuwa tunauza kwa sababu mume wangu, ambaye ni mwalimu, alihamishiwa shule moja ya Fizi, kule juu mlimani. Kupanda kila Jumatatu kwa pikipiki na kushuka kila Ijumaa kulikuwa kumemaliza mgongo wake na mshahara wake. Tukakubaliana tuuze ya Baraka, tununue kiwanja Fizi, tujenge huko. Nilikubali upesi kuliko alivyotegemea. Sikuwahi kuipenda nyumba ile, na sababu ilikuwa ndugu yake.

Wakati wa vita tulivuka ziwa tukaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania. Kabla ya kukimbia tulikuwa tumenunua kiwanja Baraka, kitupu, hakina hata mti. Mdogo wa mume wangu, mvuvi wa Swima, yeye hakuvuka. Basi nilipopata kazi ya kushona kule kambini, tulianza kumtumia yeye pesa ya kutujengea, kidogo kidogo, kwa mkono wa watu waliokuwa wakivuka, na baadaye kwa simu. Tulituma pesa ya msingi, pesa ya matofali ya kuchoma, pesa ya mabati. Kila alipopiga simu alisema, "Nyumba iko inapanda, shemeji. Iko inapanda muzuri."

Tuliporudi, nyumba ilikuwepo. Siwezi kusema haikuwepo. Ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, na mlango wa mbao ngumu. Lakini mabati yalikuwa na matundu ya misumari yaliyozibwa kwa lami, mistari miwili mizima, na mabati mapya hayana matundu. Nyuma ya choo palikuwa na kilima cha udongo mwekundu ambacho hakuna aliyeweza kunieleza kilitoka wapi. Wiki ya kwanza, mume wangu akiwa kanisani, nilitoa tepu yangu ya kushonea nikapima sebule. Ilikuwa fupi kuliko tulivyoagiza. Nilimwambia aliporudi.

"Nyumba iko, mama batoto," alisema. "Kuko bantu benye balirudi, bakakuta majani tu."

Nikanyamaza. Lakini kunyamaza si kusadiki. Kila mvua iliponyesha niliyatazama yale matundu, nikamwona mawazoni shemeji yangu sokoni Uvira akinunua mabati yaliyong'olewa kwenye paa la mtu mwingine, huku mfuko wake mwingine ukijaa pesa ya vidole vyangu.

Kwenye ofisi ya kodi tulimkuta kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mno. Mimi naijua pasi. Mkunjo wa mkono ulikuwa umenyooka kuliko unavyonyooshwa na mtu anayeishi kwa mshahara wa serikali peke yake. Nilikuwa nimefunga bahasha ndogo kwenye pindo la kitenge changu, tayari, nikingoja dakika atakapokohoa kuomba chake.

"Muliuza bei gani, mwalimu?"

"Elfu tisa," alisema mume wangu.

Nilidhani kodi itakatwa kwenye elfu tisa nzima, nikaona kiwanja cha Fizi kikirudi nyuma mbele ya macho yangu. Kijana akaniona uso.

"Mama, usiogope. Hatuchukui kodi kwa bei. Tunachukua kwa faida. We unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Muzuri. Kitambaa unanunua dola kumi. Uzi na vifungo, dola mbili. Nguo unauza dola makumi mbili. Faida yako ni ngapi?"

"Nane."

"Njo ile, ndiyo hiyo nane. Nyumba iko vilevile. Ile mulinunulia kiwanja, ile mulijengea, ile mulilipia makaratasi, yote tunaondoa kwanza. Yenye inabakia, njo tunaangalia. Lakini kitambaa kisichoingia kwa nguo, hatuhesabu. Na muniletee alama ya kila kitu. Karatasi ya kiwanja, risiti za mabati, na fundi aseme mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wenu, ile nyumba ilikula nini. Musiweke kidogo, mutalipa bure. Musiweke mingi, itakuwa matata."

Hakukohoa. Alituandikia siku ya kurudi, akaita mtu aliyefuata.

Nje nilimvuta mume wangu kivulini. "Yule anataka kitu."

"Amesema nini cha kuomba?"

"Hajasema. Ndiyo maana. Mutu wa kodi anakufundisha kulipa kidogo? Bure tu?"

"Labda ni kazi yake," alisema mume wangu.

Mume wangu ni mtu wa namna hiyo. Akiokota embe barabarani anadhani limeanguka.

Karatasi ya kiwanja tulikuwa nayo, dola elfu moja, na muhuri wa mkuu wa mtaa wa wakati ule. Lakini ya kujenga hatukuwa na kitu. Sisi tulijua tulichotuma. Kilichoingia kwenye ukuta alikijua mtu mmoja tu. Nilimwambia mume wangu twende Swima, tena tusimpigie simu kwanza.

Tulimkuta shemeji ufukweni anatandaza ndagala, dagaa wa ziwa, juani. Alifurahi kutuona, au alionyesha kufurahi. Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na samaki, tukala, tukaongea habari za watoto na za bei ya mafuta ya taa. Kisha mume wangu akamweleza mambo ya kodi ya faida. Shemeji alisikiliza vizuri mpaka lilipotajwa neno fundi. Hapo akaacha kula.

"Fundi wa nini? Muweke tu ile feza mulituma."

"Wanataka ile iliyoingia kwa nyumba," nilisema. "Siyo ile tulituma."

"Si ni ileile?"

"Wewe ndiye unajua kama ni ileile."

Akatazama mlango wa jikoni, ambako mkewe alikuwa akiosha sufuria. Akashusha sauti. "Kwani banauliza na ukuta? Banauliza ukuta ilijengwa na nini?"

Mtu ambaye hana kitu ndani ya ukuta haulizi kama ukuta utaulizwa. Nilimtazama mume wangu nikitegemea naye amesikia. Alikuwa anatoa mfupa wa samaki katikati ya meno, ametulia, na alipoona namtazama akainamisha kichwa. Nilidhani ni aibu ya mgeni. Sikuwa nimefikiri bado kwamba naye nimtilie shaka.

Shemeji alisema fundi alihama zamani, hajui aliko. Siku mbili baadaye, mteja wangu mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliniambia fundi huyo yuko Lubondja, analima, na kila mtu anamjua.

Mume wangu alikuwa Fizi. Sikumwambia. Nilichukua pikipiki asubuhi, nikafika Lubondja nguo zangu zimekuwa rangi ya barabara. Fundi alikuwa shambani anang'oa muhogo pamoja na binti zake. Mzee mfupi, mikono mipana, mwenye adabu. Alinitolea kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza kama mwenye nyumba anajua nimekuja.

"Mwenye nyumba ni mimi," nilisema. "Nataka kujua nyumba yetu ya Baraka ilikula nini."

"Nyumba gani, mama? Ya kwanza ao ya pili?"

Nilimwambia tuna nyumba moja tu. Akafuta mikono yake kwenye suruali, polepole, akaangalia binti zake, wakasogea mbali kidogo na makapu yao.

"Benyewe habakukuambia," alisema. Halikuwa swali.

Nyumba ya kwanza, alisema, waliijenga kwa matofali mabichi, ya udongo wa palepale, wakaipaka saruji nyembamba juu ili ipendeze. Yeye alimwambia shemeji yangu anunue ya kuchoma. Shemeji akasema pesa haitoshi. Wakaezeka, wakapiga mlango. Haikumaliza mwaka. Mvua kubwa ilikuja, mto ukapanda, maji yakaingia mtaani, na kuta zikayeyuka kama ugali uliosahauliwa ndani ya maji. Mabati yakaanguka chini.

"Yalikuwa mazima. Tukayaosha. Njo yaleyale yako juu leo."

"Na pesa ya kujenga tena ilitoka wapi?"

"Shemeji yako aliuza moteri yake ya mutumbwi. Mi mwenyewe niliona banaibeba, banaume babili na muti. Kiisha akaleta mawe, akaleta matofali ya kuchoma, akaniambia, fundi, tujenge ndogo kidogo lakini isianguke. Alibeba mawe na kichwa yake, mama. Mvuvi muzima."

Nilirudi Baraka nikiwa na mambo mawili yasiyokaa pamoja kichwani. Mtu huyu aliuza injini yake kutujengea. Na mtu huyuhuyu alisema pesa ya matofali ya kuchoma haitoshi, wakati pesa hiyo niliituma mimi na najua ilitoka wapi. Kule kambini nilikuwa na cherehani mbili, moja yangu, moja ya kumpa msichana aliyekuwa akinisaidia. Ile ya pili niliiuza kwa ajili ya matofali. Ilitosha. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetutajia bei, nasi tukatuma bei ileile.

Ijumaa mume wangu alishuka. Nilimwacha anawe, nilimwacha ale. Alipotandaza madaftari ya wanafunzi juu ya meza, nikakaa mbele yake.

"Nyumba ilianguka," nilisema.

Kalamu yake ilisimama. Hakuuliza nyumba ipi. Kama angeuliza nyumba ipi, ningelala vizuri siku ile.

"Ulijua."

"Nilijua ilianguka," alisema. "Ya moteri sikujua. Mdogo wangu alisema alikopa kwa bavuvi wenzake, na analipa pole pole."

"Mimi sijataja moteri."

Akafunga daftari, akakiri. Fundi alikuwa amemtafuta kwa simu jana yake, kumwomba radhi kwamba amesema mengi. Kwa hiyo hata safari yangu ya siri haikuwa siri. Mume wangu alikuwa amebeba yote hayo kutoka Fizi mpaka Baraka, akanawa, akala, akafungua madaftari.

"Ulijua lini kwamba ilianguka?"

"Tukiwa kambini."

"Na hukusema."

"Ulikuwa umeuza cherehani. Nilikuona ule mwezi. Ungefanya nini na ile habari? Nikasema, nitakuambia tukifika."

"Tulifika."

Nilimwuliza kama alijua pia kwamba matofali ya kwanza yalikuwa mabichi. Aliapa kwamba hapana. Nilimtazama sana. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtazama ndugu yake nikiamini upande wangu wa kitanda uko salama. Sasa nilianza kuhesabu nyuma: siku ambazo alitoka kupokea simu nje, ile barua iliyokuja na mfanyabiashara akaisoma peke yake, yale maneno "nyumba iko" aliyonijibu nikiwa na tepu mkononi. Nyumba iko. Alichagua neno vizuri.

Jumamosi shemeji alikuja sokoni na magunia ya ndagala. Mume wangu alimleta nyumbani. Sikumkaribisha ndani. Nilimpeleka nyuma, kwenye kile kilima cha udongo mwekundu, kwa sababu sasa nilijua ni kuta za nyumba ya kwanza, nami nilitaka asimame pale akinijibu.

"Shemeji," nilisema, "pesa ya matofali ya kuchoma ilienda wapi?"

Alimtazama kaka yake. Kaka yake akatazama chini.

"Nilinunua nayo moteri," alisema.

Nilidhani sikusikia.

"Nusu ya moteri. Nusu ilikuwa yangu ya samaki, nusu ilikuwa ile yenu. Nilisema nitavua misimu miwili, nitarudisha, nitanunua matofali mbele ya nyinyi kurudi. Nikajenga kwanza na ile mabichi, sababu mukiuliza bantu, baseme iko nyumba. Mvua ikanikuta mbele ya kurudisha." Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, naye alikuwa akichimbachimba udongo ule kwa kidole cha mguu. "Njo nikaiuza yote. Nusu yenu, nusu yangu. Yote iko pale." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

"Na mkeo?"

"Muke wangu anajua ilizama."

Ningependa kusema kwamba huruma ilinishika. Ilinishika kidogo, halafu mashaka yakarudi. Kama alitudanganya mara ya kwanza, na mkewe mara ya pili, hii ya tatu nitaijuaje? Nilimwuliza aliiuza kwa nani. Akataja mvuvi mmoja wa Mboko. Nilimpigia yule mvuvi simu palepale, mbele yake, kwa namba niliyoiomba kwa simu kwa mama mmoja wa sokoni, siyo ile aliyokuwa nayo shemeji. Mvuvi akasema ndiyo, aliinunua, na bado inafanya kazi ila inakunywa mafuta.

Kisha shemeji akatoa wazo. Akasema kama biro inataka kujua kilichotoka mfukoni, basi tuandike yote: ile pesa ya matofali tuliyotuma sisi, na juu yake ile ya moteri, na nyumba ya kwanza pia. "Yote ilitoka. Nani atajua? Fundi ni mutu wetu. Mutalipa kidogo kabisa."

Nikaona mume wangu ameinua kichwa. Ilikuwa hesabu tamu. Ingetupunguzia kodi, na ingefanana na ukweli, kwa sababu kila pesa iliyotajwa ilikuwa imetoka kweli mahali fulani. Lakini pesa ya cherehani yangu ilikuwa imekuwa moteri, na moteri ikawa matofali. Kuiandika kama matofali yetu, kisha kuiandika tena kama moteri, ilikuwa kuuza kitambaa kimoja mara mbili. Na nyumba iliyoyeyuka haikuwa ndani ya nyumba tuliyomuuzia mtu wa Uvira.

Nilikataa. Sikukataa kwa sababu mimi ni mwema. Nilikataa kwa sababu uongo ule ungekuwa na watu wanne ndani yake, na mmoja wao alikuwa yeye. Siku moja angekuja kuniomba kitu, nami nisingeweza kumnyima.

"Tunaandika nyumba ya pili," nilisema. "Mawe, matofali ya kuchoma, saruji, fundi, mlango. Mabati mara moja. Kiwanja. Makaratasi. Basi. Na wewe utasema mbele ya mkuu wa mtaa kwamba moteri iliingia humo, na kwamba hudai nyumba."

"Muke wangu atasikia."

"Atasikia."

Nilidhani hatakuja. Siku ile tulikaa kwa mkuu wa mtaa na fundi, aliyeshuka kutoka Lubondja amevaa koti, mpaka chai ikapoa. Shemeji akaja. Alisema yote, kwa ufupi, akitazama viatu vyake, na mkuu wa mtaa akaandika bila kuinua uso, kama mtu aliyesikia mabaya zaidi wiki hiyohiyo. Duka lililouza mabati lilitupatia risiti mpya iliyotolewa kwenye kitabu chao cha zamani. Niliipeleka dukani kwa mtu mwingine anisomee kabla sijaiamini.

Kijana wa shati jeupe alisoma kila karatasi. Alirudia mara mbili pale palipoandikwa nyumba ya kwanza ilianguka.

"Hii ya kwanza hamukuihesabu."

"Haiko ndani ya ile tunauza," nilisema.

"Ni kweli. Mabati je?"

"Ni yaleyale. Tumeyaweka mara moja."

Akanitazama. Sikupenda namna alivyonitazama. Niliona anatafuta kama nimefundishwa na mtu. Akamwuliza mume wangu kwa nini ndugu yake alitoa pesa nyingi hivyo bila kudai kitu, mume wangu akasema, "Alikuwa na sababu." Kijana akasema kubeba mawe kwa kichwa hakuwezi kuhesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyelipwa. Akapiga mashine yake ya hesabu. Kiwanja elfu moja, nyumba elfu nne na mia nane, makaratasi mia moja. Ikabaki elfu tatu na mia moja, na kodi ikatoka humo. Kodi hiyo ilikuwa zaidi ya ile ambayo hesabu tamu ya shemeji ingetutoza, na pungufu mno ya vile nilivyoogopa siku ya kwanza.

Bahasha ilikuwa bado kwenye pindo la kitenge. Nilingoja. Akaomba franka za kurudufu karatasi, kidogo tu, na akanipa chenji.

Hata chenji ile niliihesabu nje. Na zile hesabu zake nilizipeleka kwa binamu yangu anayefanya kazi benki Uvira, kwa simu, tarakimu moja moja. Akasema ziko sawa. Nikamwambia azirudie. Akazirudia, akaniuliza kwa nini siamini. Nadhani mtu akikaa muda mrefu akitazama mahali pasipo na wizi, huku wenye kujificha wamekaa naye mezani, macho yake hayajui tena yapumzike wapi.

Tulilipa kodi benki, mnunuzi akapewa karatasi yake, akatukabidhi pesa yetu yote. Mume wangu alitaka kumnunulia ndugu yake moteri nzima. Mimi nilisema nusu, maana nusu ilikuwa yetu tangu mwanzo. Tuligombana siku kadhaa. Mwishowe tulimpa nusu na kidogo juu, kwa ajili ya mawe. Alipokea kwa mikono miwili na hakutazama ni ngapi.

Mwezi uliofuata, tukiwa tunafunga vitu vya kuhamia Fizi, mke wa shemeji alikuja kutoka Swima na kitambaa cha kushona. Nilimpima mabega na kiuno. Alipokuwa amenipa mgongo, aliuliza, polepole:

"Dada, bantu beko banasema mambo. Ile moteri ilizama kweli?"

Nilikuwa na tepu shingoni. Ningeweza kusema amwulize mumewe. Ningeweza kusema sijui mambo ya ziwa. Lakini nililijua swali lile; nilikuwa nimeishi nalo miaka mingi bila mtu wa kunijibu.

"Haikuzama," nilisema. "Kaa, nikuelezee."

Nilimweleza yote, na cherehani yangu, na mabati. Hakulia. Aliuliza iliuzwa bei gani, nikamwambia. Akaomba gauni lisiwe la mikono mirefu, akaenda.

Shemeji hakunisalimu tena mpaka sikukuu zilipopita. Mume wangu alipopata habari alikaa muda mrefu kitandani na kiatu kimoja mkononi.

"Ungenyamaza," alisema. "Mambo yalikuwa yameisha."

"Ningenyamaza kama wewe?"

Akavaa kiatu cha pili, akachukua mfuko wake wa madaftari, akatoka kwenda kutafuta pikipiki ya Fizi.